Simu ya Kampuni Isibebe Kampuni Nzima

Mwezi Mei 2022 kampuni ya Marekani ya Cisco, ambayo vifaa vyake vya mtandao vimo katika ofisi nyingi duniani, iligundua kwamba ndani ya mfumo wake kuna mtu asiyestahili kuwamo. Taarifa ya uchunguzi ilipotolewa Agosti mwaka huohuo, njia aliyopitia ilikuwa ya kawaida kiasi cha kushtua. Mfanyakazi mmoja alikuwa amekiruhusu kivinjari chake kihifadhi nenosiri la kazini, na kivinjari hicho kilikuwa kimeunganishwa na akaunti yake binafsi ya Google. Kila alichokihifadhi kilinakiliwa kwenda kwenye akaunti hiyo. Wavamizi wakaiteka akaunti, wakalikuta nenosiri la kazi limo humo, kisha wakampigia mwenyewe simu za ulaghai hadi akakubali ombi la uthibitisho lililojitokeza kwenye simu yake. Mwaka uliofuata yakaikuta Okta, kampuni ambayo kazi yake hasa ni kulinda maingilio ya mifumo ya kampuni nyingine. Kati ya tarehe 28 Septemba na 17 Oktoba 2023 mvamizi alifikia mafaili ya wateja 134 katika mfumo wake wa huduma kwa wateja. Kampuni ilieleza kwamba mfanyakazi alikuwa ameingia kwenye akaunti yake binafsi ya Google akiwa kwenye kompyuta ya kazini, na siri za kuingilia mfumo zikahifadhiwa humo.

Katika visa vyote viwili hakuna aliyepokonywa kompyuta wala kuchomolewa simu mfukoni. Taarifa zilihama zenyewe, kwa utaratibu halali kabisa, kwa sababu ndivyo vifaa vya siku hizi vilivyotengenezwa. Na hatua mojawapo iliyochukuliwa na Okta baada ya hapo inafundisha kuliko ripoti nzima: ilizuia akaunti binafsi za Google zisiweze kabisa kuunganishwa na kivinjari cha Chrome kwenye kompyuta zake. Haikuishia kuwahimiza wafanyakazi wawe waangalifu zaidi. Iliifunga njia. Makala hii inatetea hatua ya namna hiyo kwa kifaa ambacho wafanyakazi wengi wa Afrika Mashariki wanakitumia kuliko kompyuta, yaani simu janja ya kazini. Kampuni inapaswa kuanza kwa kuamua ni taarifa gani zisishuke kabisa kwenye simu, kabla ya kufikiria namna ya kuzilinda zikishashuka.

Usawazishaji, kwa maneno mepesi, ni utaratibu wa kufanya kitu kimoja kionekane vilevile kila mahali. Barua pepe ikiingia kwenye seva, nakala yake hushuka kwenye simu. Namba ikiandikwa kwenye simu, nakala yake hupanda kwenye akaunti, na kutoka huko hushuka kwenye kila kifaa kilichounganishwa na akaunti hiyo. Ni huduma nzuri mno kwa mtu binafsi, ndiyo maana mtu aliyeibiwa simu Kariakoo leo anaweza kununua nyingine kesho na kukuta majina yake yote yamerudi. Tatizo ni kwamba simu haitofautishi namba ya shangazi na namba ya mteja anayedaiwa mamilioni. Kwake zote ni namba, na zote hufuata akaunti iliyowekwa.

Hapo ndipo kampuni nyingi zinapojidanganya. Hudhani kwamba kwa kuwa simu imenunuliwa na kampuni, basi kilichomo nacho kimebaki ndani ya kampuni. Chukua simu mpya ya Android anayokabidhiwa afisa mauzo siku yake ya kwanza kazini. Inapowashwa inaomba akaunti ya Google, na bila akaunti Play Store haimruhusu kupakua chochote. Ofisi haikumwandalia akaunti, kwa hiyo anaweka ya kwake, ileile aliyoifungua alipokuwa chuoni. Kuanzia hapo kila jina jipya la mteja linahitaji mahali pa kuwekwa: kwenye simu, kwenye laini, au kwenye akaunti. Mara nyingi akaunti ndiyo inayotangulia, naye anabonyeza kuhifadhi bila kuangalia maana mteja mwingine anasubiri. Akiacha kazi baada ya miaka kadhaa anarudisha simu na chaja, anasaini makabidhiano, na ofisi inaridhika. Lakini majina ya wateja, maduka yao, pengine na deni la kila mmoja alilokuwa akiliandika pembeni ya jina ili asilisahau, vyote vimebaki kwenye akaunti yake. Siku atakayoifungua akaunti hiyo kwenye simu nyingine, hata kama ni simu ya mshindani wa mwajiri wake wa zamani, orodha nzima itashuka. Hajaiba kitu. Yawezekana hata hajui kwamba anayo.

Orodha hiyohiyo inaweza kuondoka kwa mlango mwingine. Nchini Kenya programu za mikopo ya simu zilifikia hatua ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu ya mkopaji na kuwapigia jamaa na mabosi wake pale anapochelewa kulipa, hadi kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 kuhusu watoa mikopo ya kidijitali zikapiga marufuku mtindo huo. Google nayo, kuanzia mwisho wa Mei 2023, ilizikataza programu za mikopo zilizomo Play Store zisifikie majina wala picha za mtumiaji. Zile zinazosambazwa nje ya Play Store kwa viungo vya WhatsApp haziguswi na katazo hilo. Mfanyakazi aliyebanwa na ada ya shule akikopa kupitia programu ya aina hiyo kwenye simu ya kazini, majina yatakayosomwa hayatakuwa ya ndugu zake tu.

Picha nazo zina safari yake. Afisa mikopo anapiga picha kitambulisho cha taifa cha mkopaji, mbele na nyuma, anaituma kwenye kundi la WhatsApp la tawi ili mwenzake aliyeko ofisini ajaze fomu. Picha ya kwanza iko kwenye kamera yake. Kama amewasha hifadhi ya picha ya mtandaoni, ya pili imeshapanda kwenye akaunti yake binafsi. Kila mwanakundi ambaye WhatsApp yake inahifadhi picha zenyewe ana yake, na baadhi ya simu hizo nazo hupandisha picha kwenye akaunti za wenyewe. Kabla ya chakula cha mchana, uso, jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha mama mmoja aliyekuja kuomba mtaji wa genge vimekaa katika akaunti za watu ambao hajawahi kuonana nao, na hakuna mtu katika kampuni anayeweza kuzitaja zote. Huyo mama ndiye ninayemfikiria zaidi katika suala hili. Kampuni inaweza kupoteza wateja na kuwapata wengine. Yeye hawezi kubadilishiwa tarehe ya kuzaliwa.

Sheria zetu zimeshalitambua hilo. Kenya ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019, Uganda ikapata yake mwaka huohuo, Rwanda mwaka 2021, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Msingi mmojawapo unaojirudia ndani yake ni kwamba taarifa za mtu zikusanywe na kutumika kwa kiasi kinachohitajika kwa kazi iliyokusudiwa, si zaidi. Nchini Kenya, taarifa zikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mhusika, kampuni inatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mkurugenzi atakayekaa kuandika barua hiyo ataulizwa ni taarifa za nani zilizovuja na ni ngapi. Kama hajui simu za wafanyakazi wake zilibeba nini, hana cha kujibu.

Jibu linalotolewa haraka na wauzaji wa mifumo ni kufuta simu kutoka mbali. Simu ikipotea, fundi anabonyeza mahali ofisini na kila kitu kinafutika. Uwezo huo upo tangu katikati ya miaka ya 2000 na una manufaa yake, lakini kuufanya ndio nguzo ya ulinzi ni kusubiri maji yamwagike ndipo utafute chombo cha kuyazolea. Amri ya kufuta huifikia simu iliyo hewani tu. Mwizi anayejua kazi yake huizima na kuitoa laini kabla hajafika mwisho wa mtaa. Hata ikifika, inafuta kilichomo kwenye kifaa hicho, wala haigusi nakala zilizokwisha kupanda kwenye akaunti binafsi au kwenda kwenye makundi. Na inaweza kuumiza asiyestahili. Huko Texas, mfanyakazi aliyekuwa akitumia iPhone yake mwenyewe kwa barua pepe za kazi aliacha kazi mwaka 2013, na kampuni ikaifuta simu yote, pamoja na picha za familia na namba za watu wake. Alipokwenda mahakamani, Novemba 2014 mahakama ya shirikisho iliyatupilia mbali madai aliyoyajenga juu ya sheria za shirikisho. Kampuni ilishinda kesi, lakini sioni mwajiri mwenye utu anayeweza kulisimulia jambo hilo kwa fahari.

Kuzuia taarifa zisishuke kunahitaji uamuzi zaidi kuliko fedha, na nyenzo zake nyingi zipo tayari ndani ya mifumo ambayo kampuni zinailipia kila mwezi. Anza na barua pepe, maana ndiyo ghala kuu. Kampuni inayotumia seva ya Exchange ya Microsoft inaweza kuweka kwamba simu ishushe barua za siku tatu zilizopita tu, au za wiki moja, badala ya sanduku zima la miaka sita. Inaweza kuzuia viambatisho visishuke kabisa, au kuviwekea ukomo wa ukubwa. Tangu toleo la mwaka 2010 inaweza pia kuamuru kwamba simu yoyote ngeni inayojaribu kuchukua barua za kampuni iwekwe kando kwanza hadi msimamizi aiidhinishe. Mpangilio huu wa mwisho ninauona kuwa ndio wenye thamani kubwa kuliko yote, kwa sababu unageuza desturi: badala ya kila simu kukubaliwa hadi ikataliwe, kila simu inakataliwa hadi mtu mwenye jina aseme ndiyo.

Kisha kuna suala la kutenganisha. Android, tangu toleo la 5 la mwaka 2014, ina wasifu wa kazini, yaani sehemu iliyojitenga ndani ya simu ambamo programu za kazi huonekana na alama ndogo ya mkoba. Kampuni inaweza kuamua kwamba kilichomo upande huo kisinakiliwe kwenda upande wa binafsi, skrini yake isipigwe picha, na majina ya wateja yasionekane na programu zilizopakuliwa nje yake. Mtu akiacha kazi unaondolewa upande huo peke yake, na picha za watoto wake zinabaki salama. Kwenye iPhone, tangu mwaka 2013, kampuni inayosimamia simu inaweza kuzuia hati ya kazi isifunguliwe na programu binafsi. Mafaili mazito, kama vile orodha ya mishahara, mikataba na hesabu za mwaka, hayana sababu ya kushuka hata upande huo wa kazi. Yanaweza kusomwa kupitia kivinjari bila kupakuliwa, na anayetaka kuyafanyia kazi kwa kina atakaa mezani mbele ya kompyuta, kama ambavyo angefanya hata hivyo.

Pingamizi la kwanza, nalo ni zito, linatoka kwa watu wa nje ya ofisi. Mauzo hufanyika barabarani. Afisa ugani aliyeko kijijini, ambako mtandao hupatikana ukipanda kilima, hawezi kuambiwa asome kila kitu kupitia kivinjari. Na muuzaji anayepigiwa simu na namba isiyo na jina atamwuliza mteja wake wa miaka mitano, "Samahani, naongea na nani?" Hilo ni aibu kwa kampuni. Ninakubali yote hayo, lakini kinachothibitishwa hapo ni kwamba afisa anahitaji baadhi ya taarifa. Hakuna anayemhitaji abebe zote. Programu ya Outlook ya simu, kwa mfano, inaweza kupangwa ili majina yanayoshuka kwenye kitabu cha simu yawe na jina na namba tu, bila anwani, kazi wala maelezo ya pembeni. Mteja akipiga, jina linaonekana. Deni lake limebaki ofisini. Vivyo hivyo afisa ugani anaweza kushusha asubuhi, kabla hajaondoka mjini, orodha ya wakulima wa njia ya siku hiyo. Simu ikianguka kutoka kwenye bodaboda, kilichopotea ni kijiji kimoja, si mkoa mzima. Tofauti ya hasara hizo mbili ndiyo kiini cha suala hili.

Wengine watasema simu za kisasa zimefungwa vya kutosha. Ni kweli kwamba simu mpya husimba kilichomo ndani yake, na aliyeiokota bila kujua namba ya siri atapata tabu kubwa kukisoma. Lakini usimbaji unamzuia mwokotaji. Haumzuii mtoto wa nyumbani anayeijua namba ya siri, wala programu iliyokwisha kupewa ruhusa ya kusoma majina, wala akaunti binafsi inayopokea nakala kila dakika. Cisco na Okta hazikushindwa na kufuli la kifaa.

Pingamizi linalogusa zaidi ni la wafanyakazi wenyewe. Wanahisi kwamba hatua hizi ni namna ya kuwaambia hawaaminiki, na wanaogopa kwamba mwajiri akiingiza mfumo wake kwenye simu ataanza kusoma ujumbe wao na kujua walikolala. Hofu hiyo isibezwe, kwani wapo waajiri wanaotamani kufanya hivyo. Ila tazama mantiki yake: kadiri taarifa nyingi za kampuni zinavyokaa kwenye simu, ndivyo mwajiri anavyopata kisingizio cha kuichungulia, kuikagua na kudai aifute yote. Simu isiyobeba siri za kampuni haina cha kukaguliwa. Siku orodha ya wateja itakapoonekana kwa mshindani, mfanyakazi ambaye hakuwahi kuwa nayo hataitwa na kamati ya nidhamu kujieleza. Kwa hiyo vyama vya wafanyakazi vingefanya jambo la maana kuudai mpaka huu, na kudai uandikwe: kampuni itaona nini kwenye simu, na haitaona nini.

Kuna kosa moja ambalo linaweza kuiharibu kazi yote hii, nalo ni kupiga marufuku na kuondoka. Mwezi Juni 2018, siku chache baada ya kanuni za Umoja wa Ulaya za ulinzi wa data kuanza kutumika, kampuni ya Ujerumani ya Continental, wakati huo ikitengeneza matairi na vipuri vya magari, iliziondoa WhatsApp na Snapchat kwenye simu zake za kazini, zaidi ya 36,000 duniani kote. Sababu yake ilikuwa ya haki: programu hizo husoma kitabu cha simu, na watu walioandikwa humo hawakuulizwa. Lakini linganisha na kilichotokea kwa mabenki ya Wall Street. Huko nako ilikatazwa kufanya mazungumzo ya biashara kwenye WhatsApp binafsi, na bado wafanyakazi, mameneja wakiwamo, waliendelea kuyafanya kwa miaka. Septemba 2022 mamlaka mbili za Marekani ziliyatoza mabenki na madalali wa hisa faini ya jumla ya zaidi ya dola bilioni 1.8 kwa kushindwa kutunza mawasiliano hayo. Katazo lilikuwapo kwenye karatasi, lakini wateja walikuwa WhatsApp, na wafanyakazi wakawafuata waliko.

Kwetu shinikizo hilo ni kubwa maradufu, kwa kuwa kwa biashara nyingi za Dar es Salaam, Nairobi au Goma WhatsApp ndiyo ofisi yenyewe. Humo ndimo oda zinapopokelewa, risiti zinapotumwa na malalamiko yanapoanzia. Kuwaambia watu waiache bila kuwapa kitu chepesi kama hicho ni kuwasukuma wahamishie kazi kwenye simu zao binafsi, ambako kampuni haina udhibiti wowote. Lililo bora ni kuanza na njia mbadala. Kama vitambulisho lazima vipigwe picha, itafutwe programu ya kampuni inayopiga na kupeleka moja kwa moja kwenye seva bila kuacha picha kwenye simu, na iwe nyepesi kiasi cha kufanya kazi kwa bando dogo. Ikishazoeleka ndipo katazo lije, nalo wakati huo litakuwa halimnyimi mtu chochote.

Mwenye duka la jumla mwenye wafanyakazi saba atauliza yeye anaingiaje katika haya yote, maana hana fundi wala seva. Anaweza kufanya mengi kwa jioni moja. Afungue akaunti ya Google ya biashara kwa kila simu ya kazi, nywila zake azitunze mwenyewe, na aondoe akaunti binafsi zilizomo. Azime usawazishaji wa majina na picha kwenda kwenye akaunti yoyote isiyo ya biashara. Kwenye WhatsApp azime uhifadhi wa picha unaojiendesha wenyewe. Kwenye iPhone yenye mfumo wa iOS toleo la 18 au la baadaye anaweza kuchagua majina machache ambayo programu itayaona badala ya kuifungulia kitabu kizima. Hakuna linalohitaji leseni katika hayo.

Kwa kampuni kubwa kazi ngumu haipo kwenye mitambo. Fundi wa TEHAMA anaweza kufunga na kufungua, lakini hawezi kujua kwamba msimamizi wa ghala hajawahi kuhitaji bei za ununuzi, au kwamba meneja wa tawi hupokea orodha ya mishahara ya nchi nzima kila mwisho wa mwezi kwa sababu tu kuna mtu aliliweka jina lake kwenye barua miaka minne iliyopita na hakuna aliyeliondoa. Hayo anayajua mkuu wa idara. Ni yeye anayepaswa kukaa na fundi, kumpitia mtu mmoja baada ya mwingine, na kusema huyu anahitaji hiki akiwa njiani, na kile atakisoma akirudi. Kikao hicho kirudiwe kila mtu anapohamishwa idara, kwani ruhusa za kiti cha zamani huwa zinamfuata mtu kwenye kiti kipya hadi mtu mwingine akumbuke kuzifuta.